MFUPA AU KICHAA?
Msaada wa kwanza kwa mbwa aliyekwamwa kooni au aliyevimba tumbo

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Watu hunijia kwa ajili ya malaria, kuhara, kikohozi na vidonda. Hayo ndiyo niliyosomea. Leo nitaandika habari za mbwa. Usicheke. Ukifika mwisho wa makala hii utaona kwamba habari za mbwa ni habari za afya yako na ya watoto wako.

Mbwa ni mlinzi wetu. Analinda nyumba usiku. Anachunga mbuzi. Anafukuza nyani na ngedere katika mahindi. Hadai mshahara. Kwa hiyo anapougua ghafla, mwenye mbwa huhangaika, na ana haki ya kuhangaika.

Yako mambo mawili yanayomshika mbwa ghafla. La kwanza ni kukwamwa na kitu kooni. La pili ni kuvimba tumbo. Yote mawili yanaweza kumwua mbwa upesi. Lakini liko jambo la tatu. Hilo linafanana sana na la kwanza, nalo linaua watu. Jambo hilo ni kichaa cha mbwa.

KOSA LANGU

Nitaanza kwa kueleza kosa langu mwenyewe. Nilipopata cheti nilipangiwa zahanati. Katika mwezi wa pili wa kazi yangu, mzee mmoja alikuja asubuhi. Akina mama na watoto walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kutibiwa. Nimekuja kuazima koleo lenu lile refu. Mbwa wangu ana mfupa kooni tangu jana. Kinywa kiko wazi, mate yanamtoka, hawezi kula wala kunywa."

Sikumwuliza kama ameuona huo mfupa. Sikumwuliza kama mbwa alichanjwa. Nilikuwa na haraka na wagonjwa wangu. Nilimpa koleo, nikaona nimetenda wema.

Mzee alikwenda nyumbani. Mjukuu wake akamshika mbwa taya. Mzee akaingiza koleo, kisha akaingiza vidole. Hakupata mfupa. Jino lilimkwaruza kidole kidogo tu, hata damu haikutoka nyingi. Mchana akanirudishia koleo na kunishukuru. Nikaliosha kwa mikono mitupu. Kesho yake mbwa akafa, akatupwa kichakani.

Siku iliyofuata bwana mifugo alipita kijijini, akasikia habari hiyo. Alikuja zahanati moja kwa moja. Akaniuliza, "Huo mfupa aliuona nani?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Mbwa yule alichanjwa?" Nikanyamaza tena.

Alikwenda kumtafuta yule mbwa kichakani, akachukua kichwa kwa uangalifu na kukipeleka kupimwa. Sisi hatukungoja majibu. Siku ile ile mzee, mjukuu wake na mimi tuliosha mikono yetu vizuri kwa sabuni, tukaenda hospitali ya wilaya kuanza sindano. Majibu yalipokuja, yalisema mbwa alikuwa na kichaa. Hapakuwa na mfupa wowote.

Sote watatu tu wazima. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Lakini mimi nililala macho usiku mwingi, nikimfikiria yule mtoto. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

KWA NINI KICHAA HUFANANA NA MFUPA?

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mwa mtu au mnyama kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au kinywa. Kikiingia, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo.

Watu wengi wanafikiri mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali, akimbie huku na huko na kuuma kila kitu. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine ambao hunyamaza. Mbwa wa namna hii hupooza. Taya la chini hulegea na kuning'inia. Koo hupooza pia, kwa hiyo hawezi kumeza. Mate hayazidi tu, bali pia hayamezeki, ndipo yanapochuruzika. Sauti hubadilika. Mwenye mbwa akitazama, anaona kinywa wazi, mate na mnyama asiyeweza kula. Anasema, "Mfupa!" Kisha anaingiza mkono.

Huko ndiko kuingiza mkono kwenye sumu.

MASWALI MANNE KABLA YA KUMSHIKA MBWA

Kabla hujamshika mbwa unayedhani amekwamwa, jiulize maswali haya manne. Yajifunze kwa moyo.

1. Je, mbwa huyu amechanjwa kichaa ndani ya mwaka mmoja uliopita?

2. Je, nilimwona akila, na shida ikaanza papo hapo?

3. Je, mpaka leo alikuwa mzima kabisa? Yaani hakujificha, hakuwa mkali kuliko kawaida, hakutafuna mawe au miti, hakubadilika sauti, hakuyumba?

4. Je, nina hakika kwamba katika miezi iliyopita hakuumwa na mbwa mgeni, fisi, mbweha au mnyama mwingine?

Kama majibu yote manne ni "ndiyo", unaweza kumsaidia kwa njia nitakazoeleza. Kama jibu hata moja ni "hapana" au "sijui", usimshike. Mfungie mlango wa banda au wa ua akiwa peke yake. Zuia watoto. Piga simu au tuma mtu kwa bwana mifugo. Ni vigumu kumwacha mnyama wako akihangaika. Lakini mbwa mwingine hupatikana. Mtoto mwingine kama huyo hapatikani.

Kumbuka tofauti hii. Mbwa aliyekwamwa huanza ghafla, dakika ile ile anayokula. Hujikuna kinywa kwa miguu ya mbele na kuhangaika sana. Mbwa mwenye kichaa hubadilika kidogo kidogo kwa siku moja, mbili au zaidi, na mara nyingi hakuna aliyemwona akila kitu. Hata hivyo tofauti hii si kipimo. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa ana kichaa.

MBWA ALIYEKWAMWA KOONI

Sasa tuseme majibu yote manne ni "ndiyo". Mbwa wako amechanjwa. Umemtupia mfupa wa kuku, ameumeza kwa pupa, na sasa anakabwa.

Kwanza mtazame kama anapumua. Kooni mna njia mbili. Moja ni njia ya hewa, inayokwenda mapafuni. Nyingine ni njia ya chakula, inayokwenda tumboni. Kitu kikikwama katika njia ya chakula, mbwa hutokwa mate, hunyoosha shingo, hujaribu kutapika, lakini bado anapumua. Una muda wa kumpeleka kwa bwana mifugo. Usimpe maji wala chakula. Usimsukumie tonge la ugali ili lishushe mfupa. Tonge linaweza kuukaza mfupa zaidi, au mfupa ukatoboa njia ya chakula.

Kitu kikiziba njia ya hewa, hali ni nyingine. Mbwa hawezi kupumua, au hutoa mlio mwembamba kama filimbi. Ulimi na fizi hugeuka kuwa vya buluu au kijivu. Macho humtoka. Baada ya dakika chache huanguka. Hapa hakuna muda wa kutafuta gari. Fanya hivi:

1. Ita mtu mmoja akusaidie. Mmoja amshike mbwa, mwingine atoe msaada. Mbwa anayekabwa ana hofu, na mwenye hofu huuma hata bwana wake.

2. Fungua kamba au mnyororo ulio shingoni.

3. Usimfunge kinywa kwa kamba. Mnyama anayetafuta hewa ukimfunga kinywa umemmaliza.

4. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yako.

5. Kama hawezi kukohoa, na ni mbwa mdogo, mnyanyue miguu ya nyuma ili kichwa kielekee chini. Kama ni mkubwa, nyanyua miguu ya nyuma tu kama unavyoshika mkokoteni, ya mbele ibaki chini.

6. Mpige mgongoni, katikati ya mabega, kwa kisigino cha kiganja. Piga mara 5. Piga kwa nguvu ya kutosha, lakini usimvunje mifupa.

7. Kama kitu hakijatoka, msukume tumbo. Simama au piga magoti nyuma yake. Zungusha mikono yako tumboni mwake. Kunja ngumi, iweke nyuma tu ya mbavu za mwisho. Sukuma ngumi ndani na kuelekea mbele, upande wa kichwa, kwa ghafla. Fanya mara 5.

8. Tazama kinywani bila kuingiza mkono. Kama kitu kimetoka, acha. Kama bado, rudia kupiga mgongo mara 5 na kusukuma tumbo mara 5.

Kusukuma tumbo kunafanya nini? Hewa iliyobaki mapafuni husukumwa nje kwa nguvu, nayo hurusha kile kitu, kama vile kizibo cha chupa kinavyoruka ukiminya chupa ya plastiki. Njia hii ilielezwa mwaka 1974 na daktari wa Marekani, Henry Heimlich, kwa ajili ya binadamu. Baadaye madaktari wa wanyama nao wakaitumia.

Kama mbwa amezimia, mlaze ubavu. Hapo ndipo mtu anaweza kufungua kinywa, tena kwa yule tu aliyepata "ndiyo" nne. Mtu mmoja ashike taya la juu kwa kitambaa, na mwingine taya la chini. Vuta ulimi mbele kwa kitambaa. Kama kitu kinaonekana wazi, kitoe kwa koleo. Kama hakionekani, usipapase kwa vidole. Unaweza kukisukuma ndani zaidi. Kuna vijifupa vidogo vigumu kwenye shina la ulimi. Hivyo ni vya mbwa mwenyewe. Usivivute.

Kama moyo umesimama, unaweza kukandamiza kifua kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika moja, yaani karibu mara mbili kwa kila sekunde. Usiweke kinywa chako kwenye pua au kinywa cha mbwa. Sisi wa vijijini tusifanye hivyo.

Hata kitu kikitoka na mbwa akasimama, mwonyeshe kwa bwana mifugo. Koo linaweza kuwa limechanika, au kipande kimebaki.

Neno moja kwa wavuvi. Mbwa akimeza samaki mwenye ndoana na mshipi ukabaki unaning'inia kinywani, usiuvute. Ukiuvuta, ndoana itazama katika nyama. Ukate mshipi ubaki mrefu kidogo, umfunge mbali na chakula, umpeleke kwa bwana mifugo.

MBWA ALIYEVIMBA TUMBO

Wafugaji wanajua ng'ombe anavyovimbiwa akila majani mabichi mengi. Upande wa kushoto huinuka na kulia kama ngoma. Kwa mbwa pia tumbo huweza kujaa hewa. Lakini tumbo la mbwa si kama la ng'ombe, na dawa yake si ile ya ng'ombe.

Tumbo la mbwa likijaa hewa sana, linaweza kujipinda, kama mfuko uliosokotwa mdomo na chini. Likijipinda, njia ya kuingia na njia ya kutoka zote hufungwa. Hewa haitoki kwa kucheua wala kwa kutapika. Tumbo linazidi kupanuka na kubana mishipa mikubwa ya damu. Damu hairudi vizuri kwenye moyo. Ngozi ya tumbo hilo ndani huanza kufa. Mbwa anaweza kufa kwa saa chache tu.

Jambo hili huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini, kama wale mbwa wa kizungu wanaolinda maghala na mashule. Mbwa wetu wa kienyeji hawapatwi sana. Lakini hata wao huvimba wakila mno machinjioni, wakiiba unga uliokandwa na kutiwa hamira, au wakila machicha ya pombe. Unga wenye hamira huendelea kuumuka ndani ya tumbo lenye joto, na hufanya kileo kinachomlevya mbwa.

Dalili ni hizi:

1. Tumbo limevimba ghafla na limekaza. Ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma.

2. Mbwa anajaribu kutapika mara kwa mara, lakini hakuna kitu kinachotoka ila povu na mate. Hii ndiyo dalili kubwa.

3. Hatulii. Analala, anaamka, analitazama tumbo lake.

4. Anapumua upesi. Fizi zinakuwa nyeupe. Baadaye anakuwa dhaifu na kuanguka.

Kuvimba kwa polepole ni habari nyingine. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa kwa majuma mengi, mara nyingi ana minyoo. Mbwa jike huenda ana mimba. Hao si wa kukimbizwa usiku. Wapeleke kwa bwana mifugo siku ya kawaida.

Ukiona kuvimba kwa ghafla, msaada wa kwanza ni mfupi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Piga simu kwanza ili ajiandae. Mbebe kwenye mkokoteni, pikipiki au gari. Mwache akae au alale anavyopenda yeye.

Na sasa mambo ya kutofanya:

Usimpe maji, maziwa wala chakula.

Usimnyweshe mafuta. Mafuta humsaidia ng'ombe mwenye povu tumboni. Kwa mbwa aliyejipinda tumbo, mafuta hayawezi kupita. Yatamwingia mapafuni.

Usimkande tumbo wala kulikanyaga. Linaweza kupasuka.

Usimchome tumbo kwa kisu au msumari. Daktari wa mifugo anajua mahali pa kuingiza sindano au mpira wa kutoa hewa. Wewe na mimi hatujui. Tunaweza kutoboa wengu au kumwaga uchafu ndani.

Usimviringishe huku na huko ili "tumbo lirudi". Halitarudi hivyo. Tumbo lililojipinda hurudishwa kwa kupasuliwa.

Nitasema kweli. Mahali penye daktari wa mifugo mbali sana, mbwa mwenye tumbo lililojipinda mara nyingi hufa. Si kosa lako. Bwana mifugo akisema hakuna njia, mwombe ampumzishe bila mateso. Hiyo nayo ni huruma.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Haya yote yanaweza kupunguzwa kwa mambo madogo ya nyumbani.

Usimtupie mbwa mifupa ya kuku wala mifupa mingine iliyopikwa. Ikipikwa hukatika vipande vyenye ncha kali. Ifukie shimoni.

Magunzi ya mahindi na kokwa za embe usiziache uani. Mbwa huzimeza kwa utamu wake, zikaziba utumbo.

Mpe mbwa chakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, kuliko mara moja kwa wingi. Mbwa mwenye njaa ya kutwa humeza bila kutafuna. Kama unao wawili, walishe mbalimbali wasishindane. Baada ya kula, wapumzike kabla ya kwenda kuwinda au kuchunga.

Funika unga uliokandwa. Machicha ya pombe yafukie au uyaweke mahali pa juu.

Zaidi ya yote, mchanje mbwa wako kichaa, tena kila mwaka. Chukua cheti cha chanjo ukitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku mbwa atakapokwamwa, cheti hicho ndicho kitakachokujibu swali la kwanza kati ya yale manne. Mwenye cheti anaweza kumsaidia mbwa wake. Asiye na cheti anabaki kumtazama kwa mbali.

Chanjo inafaa kweli? Inafaa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita. Katika wilaya ya Serengeti mbwa walichanjwa kwa kampeni kuanzia mwaka 1996, kichaa kikapungua, na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua pia. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa, kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja tena mbwa wao, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikatoweka tena. Funzo ni moja: kuchanja mara moja na kulala hakutoshi.

KAMA UMEKWISHA KUINGIZA MKONO

Huenda unasoma makala hii na tayari umefanya kama alivyofanya yule mzee. Usiogope kusema, wala usione haya. Fanya hivi sasa hivi:

1. Osha mahali palipoguswa na mate, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Kama huna saa, ni muda wa mtu kutembea kilomita moja polepole. Mtu mwingine amimine maji kwa kata au jagi huku wewe ukisugua taratibu kwa sabuni. Ukichoka, endelea. Sabuni inaua kijidudu hicho. Kazi hii peke yake inaokoa watu.

2. Kama mate yameingia machoni au kinywani, suuza kwa maji mengi safi.

3. Usitie pilipili, majivu, unga wa betri, mafuta wala majani. Usifunge jeraha likakaza.

4. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wako. Kama hakuna sindano hapo, utaelekezwa hospitali yenye sindano. Usikubali kungoja wiki ijayo.

5. Sindano ni zaidi ya moja. Mganga atakuandikia tarehe. Zikamilishe zote. Zamani watu walichomwa sindano nyingi tumboni, wakaogopa. Siku hizi mtu mzima huchomwa mkononi.

6. Mwambie bwana mifugo kuhusu mbwa huyo. Akiwa hai, afungiwe. Mbwa mwenye kichaa kwenye mate yake hufa ndani ya siku 10. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu, wala usimchune. Usingoje mbwa afe ndipo uende kuchomwa sindano.

Kwa nini haraka hivi? Kwa sababu kijidudu husafiri polepole, na sindano inaweza kukitangulia. Mtu anaweza kukaa majuma au miezi akiwa mzima. Lakini dalili zikianza, mtu akaogopa maji na kushindwa kumeza, sisi waganga karibu hatuna la kufanya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na wengi wao kabisa wako Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wengi wangepona kwa sabuni, maji na sindano za mapema.

Waambie watoto wako leo jioni: mbwa akitokwa mate na kinywa wazi, wasimguse, waje kukuita. Waambie pia kwamba mbwa akiwauma au akiwakwaruza, waseme mara moja, na kwamba hawatapigwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linaloua.

Ndugu msomaji, yule mzee hufika bado zahanati kwetu. Sasa ana mbwa mwingine, naye amechanjwa. Kila akinisalimia hunitania, "Daktari, leo sikuja kuazima koleo." Nami humjibu, "Hata ungekuja, mzee, leo ningeuliza kwanza."

Nawe uulize kwanza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja maswali manne ya kujiuliza kabla ya kumshika mbwa unayedhani amekwamwa.

2. Kwa nini mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana kama ana mfupa kooni?

3. Utajuaje kwamba njia ya hewa ya mbwa imeziba, na si njia ya chakula?

4. Kwa nini tusimnyweshe mafuta mbwa aliyevimba tumbo?

5. Mate ya mbwa usiyemjua yamegusa kidonda mkononi mwako. Utafanya nini kwanza? Utafanya nini baadaye?

6. Katika kijiji chenu, ni mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Mwulizeni bwana mifugo, na mpangeni naye siku ya kuchanja waliobaki.